Pale mstari unapokata mhimili: shajara ya kuandaa moduli ya uzamili kwa walimu wa hisabati na fizikia

Moduli ni ya krediti 10 ndani ya shahada ya uzamili kwa walimu wa sekondari walioko kazini. Kwa mfumo wa Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania krediti moja ni saa 10 za kazi ya mwanafunzi, hivyo tuna saa 100 za kugawa: 30 za ana kwa ana likizo ya Juni, 20 likizo ya Desemba, na 50 mwalimu akiwa shuleni kwake na wanafunzi wake. Walimu wa masomo yote mawili wanakaa darasa moja, na hilo ndilo lililotupa mada. Mwalimu wa fizikia huchora grafu, akatafuta mteremko (slopu, kama wanavyosema maabara), akafunga daftari. Mwalimu wa hisabati hufundisha y = mx + c mwaka mzima bila c kuwa kitu cha kushikika. Moduli nzima inahusu hiyo c, yaani pale mstari unapokata mhimili wima.

Wiki ya 1

Orodha ya kwanza ilikuwa na majaribio 11. Tumebakiza matano. Kigezo kilikuwa kimoja: je, pale mstari unapokata mhimili wima pana maana ya kifizikia ambayo mwalimu anaweza kuithibitisha kwa kipimo kingine? Lenzi ina maana hiyo ila inadai chumba chenye giza, na madarasa mengi ya Juni ni ya madirisha yasiyo na mapazia. Imetoka. Kalorimita imetoka pia, joto linavuja kuliko tunavyoweza kulihesabu ndani ya saa mbili.

Yaliyobaki: pendulamu, spiringi, seli kavu, waya wa daraja la mita, na kasi ya sauti kwa simu mbili.

Wiki ya 2 na ya 3: pendulamu

Wiki mbili kwa uzi na tufe, na hatujutii. Kifaa hiki kila mwalimu anadai anakijua.

Mpangilio: stendi na klempu, uzi wa pamba (nailoni inavutika), tufe la chuma lenye kipenyo cha sm 2. Uzi unabanwa kati ya vipande viwili vya kizibo kilichopasuliwa. Ukiuzungusha tu kwenye fimbo ya stendi, sehemu ya kuning'inia inapanda na kushuka kila tufe linapokwenda na kurudi, na urefu unabadilika bila mtu kuona. Urefu unapimwa tufe likiwa tayari linaning'inia. Nyuma ya uzi, chini kabisa ya mpito, panawekwa pini kama alama, na muda unahesabiwa tufe likipita kwenye pini, si likiwa limefika mwisho wa upande. Mwishoni linakwenda polepole mno, jicho haliwezi kuamua ni lini hasa limegeuka.

Makosa tuliyoyapanga yafanywe kwa makusudi, kila kundi lione kosa moja linagharimu nini:

Kuhesabu kuanzia "moja" badala ya "sifuri". Anayeanza na "moja" wakati anabonyeza stopwochi, akaacha kwenye "ishirini", amepima mibembeo 19. Muda wa mbembeo mmoja (T) unashuka kwa asilimia 5, g (mchapuko wa mvutano wa dunia) inapanda kwa karibu asilimia 11: badala ya 9.78 anapata 10.84. Hili ndilo kosa la kwanza la kutafuta mwanafunzi akileta jibu lililozidi 10.

Pembe kubwa. Kwa nyuzi 10 muda unazidi kwa asilimia 0.2 tu. Kwa nyuzi 30 unazidi kwa asilimia 1.7, na g inashuka kwa maradufu ya hapo.

Kupima urefu hadi juu ya tufe badala ya katikati yake. Hili ndilo tulilolitaka. Linapunguza kila urefu kwa sm 1, wala halionekani kwenye jedwali.

Hesabu yake tumeiweka ukutani. Dar es Salaam iko karibu na ikweta, g ni 9.78 m/s² (anayepata 9.81 kamili ana la kujieleza). Mteremko wa T² dhidi ya urefu ni 4π²/g, yaani 4.037. Kwa urefu wa sm 20, 40, 60, 80 na 100, wote ukiwa umepungukiwa na sm 1, njia tatu za kuchakata data ile ile zinatoa majibu haya:

Ukitafuta g kwa kila urefu kisha ukachukua wastani wa tano: 9.56.
Ukichora mstari ukaulazimisha upite sifuri: 9.65.
Ukiuacha mstari ukate mhimili unapotaka: 9.78.

Kosa la urefu halijaugusa mteremko hata kidogo. Lote limehamia kwenye c, ambayo inasoma 0.040 s². Gawanya 0.040 kwa 4.037, unapata mita 0.010. Hapo mwalimu anachukua kalipa ya vernia, anapima tufe, nusu kipenyo ni sm 1. Njia ya wastani wa tano, ambayo ndiyo inayoonekana ya uangalifu zaidi, ndiyo mbaya kuliko zote, kwa sababu inampa uzi wa sm 20 kura sawa na uzi wa mita nzima, na huo mfupi peke yake unasema 9.31.

Wiki ya 4: c inaonekana lini?

Tatizo likajitokeza mara moja. Kwa mibembeo 20, c ya 0.040 mara ipo mara haipo. Walimu wa hisabati ndio waliopaswa kulitatua, kwa hiyo tumeligeuza kuwa kipindi chao.

Tukichukua kosa la 0.2 s kwa kuanzisha na kusimamisha stopwochi, mibembeo 20 inabakiza 0.01 s katika T. Lakini tunachora T², na kosa la T² ni 2T mara kosa la T. Kwa uzi wa nusu mita T ni 1.42 s, kosa la T² ni 0.028. Kwa urefu wetu mitano, Σx² = 2.2 na Σ(x − x̄)² = 0.4 (Σ ni jumla, x ni urefu, x̄ ni wastani wake), kosa sanifu la c ni 1.05 mara mtawanyiko wa pointi, yaani 0.03. Unatafuta 0.04 kwa rula yenye kosa la 0.03. Ndiyo maana haionekani.

Mibembeo 50 inashusha kosa la T hadi 0.004 s, la T² hadi 0.011, la c hadi 0.012. Sasa 0.040 ni zaidi ya mara tatu ya kosa lake. Uzi wa mita moja unachukua sekunde 100 na kidogo kwa mibembeo 50, pointi tano hazifiki dakika saba za kupima. Uamuzi: mibembeo 50, bila mjadala.

Fomula za njia ya jumla ndogo ya miraba, za kutafuta mstari ulio karibu zaidi na pointi zote, zinafanywa kwa kalkuleta na karatasi mara moja tu, pointi tano, ndipo jedwali-tandao linaruhusiwa. Sababu ya kuandika Σ kwa mkono si adhabu. Anayekokotoa Σ(x − x̄)² kwa mkono anaona kwa macho yake kwamba pointi zilizobanana katikati zinaifanya namba hiyo iwe ndogo na kosa liwe kubwa. Majedwali mengi ya shule yana urefu wa sm 50, 60, 70, 80, 90. Hapo Σ(x − x̄)² ni 0.1 tu badala ya 0.4. Kosa la mteremko linakuwa maradufu, na la c linapanda zaidi ya hapo, kwa sababu pointi zote ziko mbali na sifuri.

Wiki ya 5: seli kavu

Seli moja kubwa ya tochi, sanduku la ukinzani 1 hadi 5 Ω, amita ya 0–1 A, swichi. Mlinganyo unaozoeleka kwenye vitendo: 1/I = R/E + r/E (I ni mkondo, R ukinzani wa sanduku, E volti ya seli, r ukinzani wa ndani ya seli). Mteremko ni 1/E, c ni r/E.

Hapa c si kosa, ni kitu chenyewe kinachotafutwa, na hapa ndipo inapopatikana vibaya kuliko popote. Chukua E ya 1.5 V na r ya 0.8 Ω. Kwa R = 1 mkondo ni 0.83 A; kwa R = 5 ni 0.26 A. Amita ya shule ikiwa na kosa la 0.02 A kila mahali, kosa la 1/I ni kosa la I kugawanya kwa I²: 0.03 kwa pointi ya kwanza, 0.30 kwa ya mwisho. Mara kumi! Na mwanafunzi anazichora zote kwa vitone vinavyolingana, rula inapita katikati, kana kwamba vitone hivyo vina heshima moja.

Kwa pendulamu kosa la T² kati ya uzi mfupi na mrefu linatofautiana mara 2 na kidogo, unaweza kulifumbia macho. Kwa seli huwezi. Tumeweka zoezi la mizani ya pointi: kila pointi ipewe uzito wa I⁴, ambapo pointi ya R = 1 inapata uzito zaidi ya mara 100 ya ile ya R = 5. Kisha data ile ile ichorwe kama V dhidi ya I, V = E − Ir, ambako makosa ya voltimita hayavimbishwi na ugeuzaji. Walinganishe r mbili. Swali la insha fupi: kwa nini kugeuza mlinganyo ili upate mstari ulionyooka kunaweza kuharibu jibu? Hili hatulipunguzi hata muda ukibana.

Yanayokwenda mrama kwenye kifaa chenyewe: R = 1 inavuta karibu ampea nzima, na seli ya zinki na kaboni inachoka papo hapo. Anza na R kubwa ushuke, swichi ifungwe kwa sekunde mbili au tatu tu za kusoma, na mwisho rudia pointi ya kwanza. Ikiwa imehama kuliko kosa la amita, seli imebadilika njiani, data yote irudiwe na seli nyingine. Kumbuka pia kwamba c inabeba r ya seli pamoja na ukinzani wa amita, wa waya na wa miguso michafu. Vibanio vyenye kutu vinapigwa msasa kabla. Ukiongeza waya wa pili mrefu kwenye saketi kwa makusudi, c inapanda na mteremko unabaki palepale. Dakika kumi za kufanya hivyo zinafunza kuliko ukurasa wa maelezo.

Wiki ya 6

Spiringi: T² = (4π²/k)(m + theluthi ya tungamo ya spiringi), k ikiwa ugumu wa spiringi na m tungamo iliyoning'inizwa. Kwa spiringi ya 25 N/m yenye gramu 30, c ni 0.016 s². Inathibitishwa kwa kuweka spiringi yenyewe kwenye mizani. Theluthi inatoka kwenye intigro ya nishati ya mwendo, kazi ya nyumbani kwa walimu wa hisabati. Sahani ya kuwekea mawe ya mizani lazima ihesabiwe ndani ya m, la sivyo inajificha kwenye c na theluthi haitoki.

Daraja la mita: kosa la mm 1 kwenye sehemu ya mizani linagharimu asilimia 0.4 ukiwa sm 50, asilimia 1.1 ukiwa sm 10, asilimia 2.1 ukiwa sm 5. Joki (kigusio cha waya) iguswe, isiburutwe, kwa kuwa waya uliokwanguliwa haufanani tena kote. Badilisha X (ukinzani unaotafutwa) na R (unaojulikana) nafasi ili makosa ya ncha yajitokeze. Yatosha.

Wiki ya 7: kasi ya sauti

Simu mbili zenye programu ya phyphox, kipengele cha stopwochi ya sauti. Zinawekwa umbali d. Mmoja anapiga makofi kando ya simu A, zote zinaanza, B ikichelewa kwa d/v (v ni kasi ya sauti). Mwingine anapiga kando ya B, zote zinasimama, A ikichelewa. Tofauti ya muda ni 2d/v. Kwa nyuzi 30 za selisiasi v = 331.3 + 0.606 × 30, karibu 349 m/s, na kwa mita 5 tofauti ni milisekunde 28.6. Kitabu kinaposema 340 hakikosei, kinazungumzia hewa ya nyuzi 14 hivi.

Chora tofauti ya muda dhidi ya d kwa mita 1 hadi 5. Mteremko ni 2/v. Na c? Wapiga makofi wakisimama nje ya mstari wa simu mbili, nyuma ya kila moja, c ni sifuri. Wakiingia ndani, kila mmoja sm 20 mbele ya simu yake, c inakuwa hasi: −2.3 ms. Grafu inakwambia watu walisimama wapi. Tumeamua kikundi kimoja kipewe data ya kikundi kingine bila maelezo, kitaje waliopiga makofi walikuwa wapi.

Tahadhari: kiwango cha kuamsha programu kipandishwe mpaka mazungumzo ya chumba yasiianzishe, na kazi ifanyike mbali na kuta. Mwangwi unaweza kuisimamisha saa kabla ya kofi la pili, kwa hiyo weka ucheleweshaji mdogo kwenye mipangilio.

Wiki ya 9: lugha ya jaribio la dhana

Saa 50 za shuleni zinahitaji kipimo cha kabla na baada. Tumechukua Force Concept Inventory, jaribio la dhana za kani na mwendo, la David Hestenes, Malcolm Wells na Gregg Swackhamer, lililotoka mwaka 1992; toleo la 1995 lina maswali 30. Wells anafaa kutajwa kwa walimu hawa: alikuwa mwalimu wa fizikia wa sekondari Arizona, na udaktari wake wa 1987 ulitoka darasani kwake. Maswali yenyewe hayasambazwi. Karatasi zina namba, zinahesabiwa zikitoka na zikirudi, hakuna picha.

Sekondari zetu zinafundisha kwa Kiingereza, ila mwanafunzi wa kidato cha pili anafikiri mwendo kwa Kiswahili, kwa hiyo tumeandaa maelezo ya lugha mbili sambamba. Hapo tulikwama siku nne kwenye neno moja. Nguvu. Mpira umepigwa juu, umeshaachana na mguu, je, kuna nguvu gani juu yake? Kwa Kiswahili cha kila siku "nguvu ya mguu bado imo ndani ya mpira" ni sentensi safi kabisa, kwa kuwa nguvu ni pia nishati, ubavu, uwezo. Mwanafunzi anaonekana amekosa fizikia, kumbe amesema Kiswahili sahihi. Kani inakata utata huo, lakini wengi waliikuta shule ya msingi na kuiacha huko. Tumetumia kani kote, na juu ya karatasi sentensi moja: "Kani ni msukumo au mvuto ambao kitu kimoja kinakiwekea kitu kingine." Uzito na tungamo, kasi na kasimwelekeo, mchapuko: vivyo hivyo, sentensi moja moja.

Kuhakiki: mtu wa pili anarudisha tafsiri kwenye Kiingereza bila kuona ya awali, kisha wanafunzi sita wanajibu kwa sauti wakieleza kwa nini. Wakichagua jibu sahihi kwa sababu mbovu katika swali, maneno ya swali yanaandikwa upya.

Wiki ya 10: kuhesabu maendeleo

Tunatumia ukuaji sanifu wa Richard Hake: (baada − kabla) kugawanya kwa (100 − kabla). Darasa lililokuwa na wastani wa asilimia 30 likafika 51 limekua kwa 0.30. Utafiti wake wa 1998 ulikuwa na wanafunzi 6,542 katika kozi 62, wastani 0.23 kwa ufundishaji wa mihadhara na 0.48 kwa ule wa kushirikisha. Namba hizo ni za Marekani na zinabaki huko. Mwalimu analinganisha darasa lake na darasa la jirani yake.

Mtego: kukokotoa ukuaji wa kila mwanafunzi kisha wastani. Aliyepata 90 akashuka 80 ana ukuaji wa −1.0, anafuta kazi ya wenzake watatu waliokua kwa 0.33. Tumia wastani wa darasa kwanza, ndipo ugawanye. Na waondolewe pande zote mbili waliofanya mtihani mmoja tu, la sivyo watoro ndio wanaopandisha alama.

Wiki ya 11

Vibali vya shule: barua ya chuo, kwa Katibu Tawala wa Mkoa, kwa Mkurugenzi wa Halmashauri, ndipo kwa mkuu wa shule. Mwalimu anayefanya utafiti shuleni kwake mwenyewe hasamehewi hatua hata moja. Barua zitoke Mei, kwani zikingoja likizo ya Juni, kipimo cha kabla kinafanyika wakati mada imeshaanza.

Sanduku la kila kundi la walimu watatu limefungwa: stendi, vizibo viwili, uzi mita 5, tufe, spiringi, mawe ya gramu 50 sita, seli mbili, sanduku la ukinzani, amita, voltimita, swichi, waya nane, msasa, rula ya mita. Kalipa ni moja kwa makundi mawili. Shule isiyo na sanduku la ukinzani itafaragua kwa waya wa nikromu kwenye ubao, ikipima urefu badala ya ohmu. C itabaki na maana ile ile, ila kwa sentimita.

Yanayosubiri

Mwongozo wa kusahihisha haujakubaliwa. Rasimu inatoa alama 4 kwa mteremko na 4 kwa maelezo ya c, na pingamizi la wenzetu ni kwamba anayepima kwa usafi mkubwa atapata c ya sifuri na kukosa la kueleza. Pendekezo lililo mezani: c ya sifuri ipewe alama zote ikiwa imeandikwa na kosa lake, mfano 0.003 ± 0.012. Sifuri tupu, isiyo na kosa, ipate 1. Pia spiringi tatu kati ya nane zina koili zinazogusana zikiwa hazijavutwa. Zinabadilishwa kabla ya Juni.